Ramani ya Athi, Galana na Sabaki: hodari pwani, inapwaya kwenye makutano

Ramani hii ya ukutani inauzwa katika duka moja la kuchapisha ramani katikati ya jiji la Nairobi: karatasi moja ya A1, skeli 1:500,000, kwa bei isiyofika shilingi elfu tatu ikiwa imetiwa plastiki. Walengwa ni walimu wa Jiografia na ofisi za miradi ya maji. Skeli imechaguliwa kwa akili. Sentimita 1 ni kilomita 5, na bonde zima, kuanzia Ngong na Nyandarua hadi Malindi, linaingia bila kukatwa. Linaingia kwa kubanana lakini: vyanzo vya mto Mbagathi viko karibu sana na ukingo wa kushoto, na fremu yenye mbao pana itavimeza.

Mto huu ni mmoja wenye majina matatu, kwa hiyo ramani yake hukaguliwa pale maji yanapokutana na jina linapobadilika. Mstari mrefu wa bluu kila mtu anaweza kuuchora.

Kidirisha cha Nairobi, yaani ramani ndogo ndani ya kubwa, skeli 1:250,000, kimefanywa vizuri. Mito ya Nairobi, Mathare na Ngong ina njia zake, Gitathuru unaonekana ukiingia Mathare, na sehemu ya juu ya Ngong, kabla ya Bwawa la Nairobi, imeandikwa Motoine kama inavyostahili. Mbagathi unapita kusini mwa Mbuga ya Nairobi, mahali pake.

Ukitoka kwenye kidirisha, mambo yanaharibika Thika. Inaelekea mchoraji alijua kwamba maporomoko ya Fourteen Falls yako karibu na mji huo, akaipaka mito ya Thika na Chania rangi ileile ya Athi. Maporomoko hayo ni ya Athi, karibu na Ol Donyo Sabuk. Thika na Chania ni maji ya Tana. Ruiru, Thiririka na Ndarugu ndiyo inayoshukia Athi, na mpaka wa mabonde mawili unapita kati ya Ndarugu na Chania. Mwanafunzi atakayepima ukubwa wa bonde kwa kuhesabu miraba atakuwa amejumlisha maji ya mto wa jirani.

Uwanda wa juu wa Yatta umetiwa kivuli kizuri, na hapo ramani inajieleza yenyewe. Zamani lava ilitiririka ndani ya bonde, ikaganda. Udongo laini wa kando ukamomonyoka, na kilichokuwa sakafu ya bonde kikabaki juu kama ukuta. Athi umeshika ubavu wa magharibi wa ukuta huo. Ndiyo sababu vijito vyake vya maana hapa vinatoka ukingo wa kulia tu, kulia kwa anayefuata maji: Thwake, Kibwezi, Mtito Andei. Tiva, ulio ng'ambo ya Yatta, unaelekea upande wa Tana, na ramani haikuukosea. Mahali pa bwawa la Thwake, chini kidogo ya makutano ya Thwake na Athi, pameachwa tupu.

Kasoro inayotuudhi zaidi ni unene wa mistari. Vijito vya msimu, ambavyo kiangazi huwa mchanga mtupu, vimechorwa kwa mstari usiokatika, unene sawa na mto Tsavo. Lakini Tsavo hautegemei mvua ya juzi: unalishwa na chemchemi za Mzima, na maji ya Mzima ni mvua ya vilima vya Chyulu iliyozama kwenye majivu na lava kisha ikasafiri chini ya ardhi. Ramani imechora kijito cha bluu kutoka Chyulu hadi Mzima. Kijito hicho hakipo juu ya ardhi. Tsavo na Athi zinapokutana ndipo Galana unapoanza, na asiyejua Mzima hataelewa mchango wa Tsavo kwa Galana wakati wa ukame. Aliyekwisha kununua atumie kalamu ya wino usiofutika: akate kijito cha Chyulu kwa vistari, aunenepeshe Tsavo kutoka Mzima kwenda chini.

Jambo jingine dogo: usikubali kukunjiwa. Kunjo la katikati linaangukia karibu kabisa na makutano ya Tsavo na Athi, na baada ya kukunjuliwa mara kadhaa wino hubanduka hapo hapo. Omba izungushwe kwenye bomba la kadibodi.

Chini ya maporomoko ya Lugard kazi inageuka kuwa ya fundi mwingine. Uwanda wa pwani umechorwa na mtu anayeufahamu. Mteremko unapolegea, mto unapanuka na kuanza kujipinda, na maeneo ya mafuriko yametiwa rangi hafifu. Baricho pamewekwa alama ya visima, na ndivyo ilivyo: maji ya Malindi, Kilifi na sehemu ya Mombasa hupompwa kutoka kwenye mchanga wa kingo za mto. Jina Sabaki limeanza kuandikwa huku chini, bila alama inayojifanya mpaka kamili, na hiyo ni busara. Kosa ni Mto Voi, uliounganishwa na Galana. Voi unashuka ukiitwa Goshi, kuelekea hori la Kilifi.

Anayetaka kupima urefu kwa uzi uliolowa ajue kwamba atapata pungufu. Kwa skeli hii pindo la kilomita moja ni milimita 2, na mchoraji yeyote hulinyoosha. Kwa sehemu ya chini tumia karatasi za 1:50,000. Zile za zamani hutumia Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia latitudo na longitudo; ukisoma GPS kwa WGS84, mfumo wa sasa, bila kubadilisha, nukta yako itaangukia takribani mita 300 kusini, yaani milimita 6 nje ya mto.

Mlangoni, kati ya Malindi na Mambrui, udongo unaomwagwa baharini umepakwa kahawia, na mshale mmoja unaelekea kaskazini. Huo ni mshale wa upepo wa kusi. Kaskazi inapovuma, tope hurudi kusini hadi ghuba ya Malindi na kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari. Ulihitajika mshale wa pili, na nafasi yake ipo, pale walipoweka nembo ya duka.