"Faiba haiozi," niliambiwa. Mlingoti ukazama

Kama mnataka neno moja tu kuhusu Fireball, mashua ndogo ya tanga ya mashindano, ya mtumba na ya faiba, niliyoinunua miezi kadhaa iliyopita, neno lenyewe ni hili: msinunue. Mkiendelea kusoma mtaona hata mimi siliamini sana neno hilo, lakini leo nina hasira na sitaki kuzificha.

Mlingoti umezama. Sikusema mashua, nimesema mlingoti. Katikati ya bisho, yaani kwenda kinyume na upepo, upepo wenyewe wa kawaida kabisa, mguu wa mlingoti ulishuka kama sentimita 3 ndani ya sakafu. Waya za pande zote mbili zikalegea kama kamba ya kuanikia nguo, tanga likakunjamana, mashindano yakaishia hapo. Nilipofungua nikakuta chini ya kiti cha mlingoti, kile kinachoshika mguu wake, kuna uji mweusi. Huo uji zamani ulikuwa plaiwudi.

Naam, mbao, ndani ya mashua ya faiba. "Faiba haiozi," muuzaji alirudia mara tatu siku ile, na wala hakusema uongo. Ila faiba nyembamba haishiki skrubu, kwa hiyo mjenzi hufukia vipande vya plaiwudi chini yake kila penye kazi nzito: chini ya kiti cha mlingoti, kwenye vyuma vya kufungia waya, tezini, yaani nyuma, penye bawaba za usukani, chini ya makapi ya kupitishia kamba, hata penye mikanda ya kutia miguu. Kila skrubu ni tundu. Aliyefunga asipopaka gundi ya kuzuia maji, kila mashua inapopinduka maji hupenya taratibu yakifuata hesi za skrubu, na yakishaingia hayana pa kutokea. Mbao ikipita unyevu wa asilimia 20 hivi, na hewa kidogo ikiwepo, kuvu huanza kula. Maji yasiyo na chumvi ndiyo mabaya zaidi kwa hili. Chumvi angalau humkera kuvu.

Sasa ninachoshindwa kusamehe. Nilikwenda na bisibisi. Nilitaka kutoa skrubu moja tu ya kiti cha mlingoti, nusu dakika, kisha niirudishe. Skrubu hiyo inasema mengi kuliko muuzaji: ikibana mpaka mwisho na kutoka na unga mkavu wa rangi ya mbao, endelea na ukaguzi. Ikizunguka bila kushika, au ikitoka na tope la kahawia lenye harufu ya uyoga, geuza tela lako uondoke. Muuzaji akaweka kiganja juu ya kiti. "Wewe unanunua mashua au unafungua gereji?" Wenzake wakacheka. Nami, mjinga, kwa aibu nikarudisha bisibisi mfukoni. Aibu ile ndiyo ghali kuliko plaiwudi.

Kuna dalili zisizohitaji ruhusa ya mtu, nazo nilizipita. Laza rula ndefu sakafuni karibu na mguu wa mlingoti: mwanga ukipita chini yake, sakafu imebonyea. Tazama nyufa ndogo zinazotawanyika kama miale kutoka kwenye kiti. Nyufa za juujuu za jelikoti, lile tabaka la nje linalong'aa, ni za uzee, lakini za miale zinaonyesha kitu kinasogea. Kisha simamisha mlingoti, kaza waya kama kwa mashindano, pima mkazo kwa geji, nenda ukazungumze habari za matanga kwa dakika kumi, rudi upime tena. Namba ikishuka, ama kiti kinazama ama gamba, yaani mwili wa mashua, linajikunja.

Mizani nayo aliikataa. Alisema mashua ni ya kuendesha, si ya kuuza kwa kilo kama nyama. Haya. Nilipofika nayo nyumbani niliipima: nilitoa kila kitu kisichofungwa, yaani mlingoti, matanga, usukani na ubao wa kati unaoshushwa majini kuzuia mashua isiteleze pembeni, nikafuta maji, nikaweka mizani mbili za kawaida za kupimia watu, moja chini ya omo (mbele) na moja chini ya tezi, nikajumlisha. Kilo 88. Kiwango cha chini cha gamba la Fireball hakifiki kilo 80. Hizo nane na zaidi za ziada ni abiria asiyefanya kazi, na kila upepo ukilegea ananidai.

Kilo hizo zimekaa wapi? Nyingi ni maji. Gamba la faiba la mashindano mara nyingi ni tabaka mbili nyembamba zenye povu gumu katikati, na povu likipata mlango wa maji halikauki kwa kuanikwa jua mchana mmoja. Chukua sarafu, gonga gamba zima kwa hatua za sentimita 5, tega sikio. Mlio mkavu, wa juu, ni mzima. Mlio uliokufa, kama wa kugonga kadibodi, maana yake tabaka zimeachana na povu. Bonyeza hapo kwa kidole gumba. Pakiingia na kurudi, ndipo. Sehemu ndogo iliyo kavu hutobolewa matundu ya milimita 3 na kudungwa epoksi, gundi ngumu ya kuchanganya, halafu huwekewa uzito mpaka igande. Ikiwa bado imelowa unapoteza epoksi bure, haishiki. Kama ni sehemu kubwa karibu na nyumba ya ubao wa kati, mwachie mwenyewe mashua yake.

Kinyume chake, ukikuta vipande vya madini ya risasi vimefungwa ndani, usiogope. Vimewekwa kwa sababu gamba lilikuwa jepesi kuliko sheria inavyotaka. Hiyo ni habari njema, mradi na mizani ikubali.

Kwa hiyo nunueni mbao! Wiki ile ya uji mweusi nilimwambia kila aliyenisikiliza: Fireball ilichorwa na Peter Milne mwaka 1962 kwa mabapa yanayokatika vizuri kwenye plaiwudi, basi ijengwe hivyo na inunuliwe hivyo. Mbao haijui kuficha. Maji yakiingia chini ya vanishi, doa jeusi linatokea, unaliona ukiwa umesimama. Tazama pembe za chini za tezi, kingo za plaiwudi zilikokatwa, maungio ya nyumba ya ubao wa kati na sakafu, na mzunguko wa kila skrubu. Choma kwa ncha ya kisu kidogo: mbao nzima inakataa, iliyooza inakaribisha. Na kuitibu inaeleweka: kata mpaka ufike kwenye mbao safi, chonga kingo kwa mteremko wa 1 kwa 8 (plaiwudi ya milimita 6 inataka mteremko wa milimita 48), gandisha kwa epoksi, funga.

Basi hasira ilipopoa kidogo nikaenda kutazama mashua za mbao, na hasira nyingine ikanipanda. Wauzaji wa mbao wana uongo wao, unaitwa rangi. Mashua iliyokuwa na vanishi ndani na sasa imepakwa rangi ya kijivu mpaka kwenye kona haikupakwa kwa urembo. Fungua kifuniko cha tangi la hewa, lile linaloifanya mashua ielee hata ikijaa maji, ingiza pua kabla ya tochi. Harufu ya uyoga? Asante, kwaheri. Za zamani zilizounganishwa kwa gundi ya unga, kabla ya epoksi kuenea, gundi yake ikizeeka inakuwa chaki. Unagonga ubavu na kiungo kinafumuka. Na hata iliyo nzima inataka msasa na vanishi mara kwa mara, iwekwe chini ya turubai linalopitisha hewa, maji yasituame ndani hata kijiko. Ukiwa mtu wa kurudi umechoka na kuiacha na maji ya mvua mpaka wiki ijayo, mbao itakuaibisha haraka kuliko faiba.

Kitu kimoja cha pande zote mbili, kabla sijasahau: matangi ya hewa. Paka maji ya sabuni kwenye maungio yote, puliza kwa mdomo kupitia tundu la kizibo, tafuta mapovu. Kwa mdomo, nimesema. Kuna anayetumia kompresa ya gereji, na kuna anayejua kwa nini sitaha yake imebanduka.

Nimeshatengeneza yangu. Sakafu ilikatwa, uji ukachotwa kwa kijiko, sehemu ikaachwa wazi mpaka kipima unyevu kikanyamaza, plaiwudi mpya ikalala ndani ya epoksi. Matundu yote ya skrubu niliyatoboa makubwa kuliko skrubu, nikayajaza epoksi nzito, nikatoboa upya katikati yake, hivi kwamba skrubu sasa haiigusi mbao kabisa. Imekuwa ngumu. Ukikaza waya, namba haishuki. Na lazima niseme, ingawa inaniuma: ikiupata upepo wa pembeni inaruka kama kitu kilichofunguliwa kamba. Ningeinunua tena? Kwa nusu ya bei, nikiwa na bisibisi mkononi, ndiyo. Faiba. Nadhani.

Nilianza na nyota moja, nimepandisha hadi tatu: mbili za umbo la mashua, moja ya tela iliyokuja nayo.

Hapana, jana beringi ya gurudumu la kushoto imesagika njiani. Mbili.