Uzoefu wangu UTEP, chuo cha umma kilichoko mpakani

Kama unatafuta Marekani ile ya kwenye sinema, El Paso si kwako. Nimesoma uzamili wa jiolojia pale University of Texas at El Paso, na kilichonikamata ni mpaka wenyewe: unatoka darasani, ukitazama bondeni unaziona nyumba za Ciudad Juárez, Meksiko, ng'ambo ya mto.

Zaidi ya asilimia 80 ya wanafunzi wana asili ya Kihispania, na wapo wanaolala Juárez wakasoma huku. Mwenzangu wa maabara aliamka alfajiri kuwahi foleni ya darajani. Anaingia na burito za mama yake zikiwa bado za moto ndani ya foili, anatugawia, ndipo anauliza tumefika wapi. Siku foleni ikigoma alituma neno moja tu, "daraja", nasi tunaanza bila yeye.

Raia wa Meksiko wenye uhitaji wanaweza kulipa ada ya wakazi wa Texas. Sisi wa kutoka mbali hatuna mlango huo, kwa hiyo tafuta kazi ya usaidizi wa kufundisha au utafiti kabla hujakata tiketi.

Majengo yatakushangaza: mtindo ni wa Bhutan, kuta zinazolalia ndani na paa zilizochomoza. Chuo kilianza 1914 kama shule ya migodi. Mke wa mkuu wa kwanza aliona picha za Bhutan kwenye jarida, akashauri wajenge hivyo. Jua la jangwani likiwaka, zile paa utazibariki. Na kwa mtu wa miamba, milima ya Franklin iko pale pale mjini.

(Watanzania wenzangu: Suleiman Nyambui, aliyetuletea medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow 1980, alikimbia mbio kwa niaba ya chuo hiki.)

Nyota nne. Moja naikata kwa vumbi la Machi, linaloingia hadi kwenye meno. Kihispania usipokijua utaishi vizuri tu, ila utani wote utakupita.

Ukitaka kwenda kula Juárez, daraja linavukwa kwa miguu kutoka katikati ya mji. Meksiko wanakubali visa hai ya Marekani. Ila kabla ya kuvuka, hakikisha I-20 yako (fomu ya chuo inayothibitisha kuwa wewe ni mwanafunzi) ina sahihi ya safari, maana kwenda ni rahisi kuliko kurudi.