Tangi gani la maji taka linafaa kiwanja chenye maji ya karibu?

Kwenye kiwanja ambacho ukichimba mita moja unakutana na maji, ujazo wa tangi si swali la kwanza. Familia ya watu sita inatosheka na lita 3,000 hivi, na ukubwa huo haukosekani sokoni. La kuuliza ni kama tangi litatulia chini likiwa tupu, na maji yanayotoka humo yataenda wapi.

Tangi la tofali tunaliondoa mapema. Plasta hupata nyufa, maji ya ardhini yanajipenyeza, na karo linajaa hata nyumba ikiwa haina mtu. Mwenye nyumba anaishia kulipia gari la kunyonya libebe maji ya ardhini. Shimo la kufyonza lililozama kwenye maji ni baya zaidi: halifyonzi kitu, linapeleka uchafu kisimani moja kwa moja.

La plastiki ngumu, lile la kulala lenye mbavu, ndilo chaguo letu, kwa sharti moja: lifungwe. Likiwa tupu na limezama lote, tangi la lita 3,000 linasukumwa juu kwa nguvu ya kama kilo 3,000, na lenyewe halifiki kilo 300. Zege nalo likiwa majini hupungukiwa uzito: mita moja ya ujazo yenye kilo 2,400 inabaki na kazi ya kilo 1,400 tu. Kwa hiyo bila kuhesabu udongo wa juu, jamvi la zege chini ya tangi, la mita 3.5 kwa 2.4, unene sentimita 30, linatosha na kubakiza akiba. Weka pete za nondo kabla ya kumwaga zege, kisha funga tangi kwa mikanda mipana. Waya hukata plastiki. Wakati wa kufukia, jaza maji ndani huku ukirudisha mchanga kwa tabaka za sentimita 30, maji yakitangulia kidogo. Usikubali tangi la kuhifadhia maji, lile la kuweka juu ya mnara. Ukilizika, kuta zake hubonyea.

Kunyonya kufanyike kiangazi, na tangi lijazwe maji siku hiyohiyo.

La zege la kiwandani lina uzito wa kulisaidia, lakini wanaosema haliwezi kuelea hawajapiga hesabu ya ujazo wa nje. Udhaifu wake uko kwenye kiungo cha mfuniko na mabomba yanapoingia. Hapo panataka mpira, saruji pekee haitoshi. Kabla ya kufukia, lijaze na uliache saa 24, kisha uongeze maji, maana zege lenyewe hunywa kidogo. Yakishuka tena ndani ya saa moja, lirudishwe. Tena linahitaji kreni, na njia ya kufika kiwanjani.

Mtambo wa kupuliza hewa, unaolisha hewa bakteria wanaokula uchafu, hutoa maji safi zaidi, ila kipulizo hufanya kazi usiku na mchana. Umeme ukikatika kwa siku kadhaa, bakteria wanakufa. Na maji yake bado yanahitaji mahali pa kwenda.

Hapo ndipo kilima cha mchanga kinaposhinda vyote: ni tuta linalojengwa juu ya ardhi, maji ya tangi yakisukumwa kwenye kokoto zilizo juu yake yachujike yakishuka. Chini ya kitanda cha kokoto pawe na angalau sentimita 60 za mchanga na udongo mkavu hadi kimo cha juu kabisa cha maji, na 90 ni bora. Kimo hicho usikipime kiangazi. Chimba shimo, tazama ukutani: mabaka ya kijivu na rangi ya kutu yanaonyesha maji hufika wapi masika. Ardhi ya asili ilimwe tu ikiwa kavu, lori lisiipite, kisha umwage mchanga mkubwa uliooshwa. Mchanga wenye vumbi ndio unaoua vilima vingi: tikisa kidogo kwenye chupa ya maji, na tope likituama kwa tabaka nene juu ya mchanga, ukatae. Pampu isukume maji kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, na chemba yake iwe na boya la pili la kengele, kwenye saketi isiyo ya pampu.

Kabla ya kulipa, mtake muuzaji aandike kwenye risiti kina cha juu cha kuzika tangi na kama dhamana inagusa kiwanja chenye maji. Wengi wanaitoa kwa ardhi kavu tu.