TAHADHARI: Mzee wa "Jambo mama" na hoteli yake ya bei nafuu Ferrara

Wenzangu mnaokuja Italia kutembelea jamaa zenu, mkielekezwa hoteli rahisi Ferrara, mwenyewe mzee mwenye mvi anayejua maneno ya Kiswahili, kimbieni. Msimtumie hata ndururu.

Siku zote hizi nimenyamaza kwa aibu. Mamangu naye alinikataza, yeye anasema ya kuibiwa hayatangazwi. Lakini jana dada mmoja wa humu humu ameniuliza kama namjua mtu wa kumpa chumba Ferrara mwezi ujao, nikaona nikizidi kukaa kimya nitakuwa mshirika wa mwizi. Jina la hoteli siliandiki hadharani, sina hela za wakili. Njoo inbox nitakupa, na picha ya mlango nitakupa.

Shughuli ya Mwanaisha mnaijua, harusi iliyotupeleka Ferrara mimi na mama, na kwa nini hatukuweza kulala kwake pia mnajua, tusifukue makaburi. Basi nikabuku chumba kwenye mtandao, huu mkubwa unaotumiwa na kila mtu, kwa masharti mazuri kabisa: unalipa ukifika, na ukighairi mapema hukatwi kitu. Euro 55 kwa usiku, vitanda viwili, chumba cha chini. Hicho cha chini ndicho nilichokitaka hasa, kwa ajili ya magoti ya mamangu.

Haikupita siku, WhatsApp ikalia. Picha ni ya mzee kavaa shati la kitenge, nyuma yake bahari. "Jambo dada! Habari ya Kenya?" Kisha akaendelea kwa Kiitaliano: mtandao unawakata wenye hoteli asilimia kubwa, kwa hivyo nikiifuta ile buking nikamlipa yeye mwenyewe, atanipa kwa euro 45, na mama atapewa chumba kinachotazama bustani. Nusu nitume sasa, nusu nikifika. Tena nifanye haraka, maana wiki hiyo kuna maonyesho ya biashara Bologna, na watu wakikosa vyumba huko wanahamia Ferrara.

Sasa kabla hamjaanza kunicheka, nisikilizeni. Mimi si mgeni wa Waitaliano. Nimezaliwa Malindi. Wako kwetu tangu miaka ya 1960, walipoanza mambo yao ya roketi za San Marco kule Ngomeni. Marehemu baba alifanya kazi kwenye hoteli zao, na mimi Kiitaliano nilikiokota ufukweni kabla Kiingereza hakijanikaa sawasawa shuleni. Mtu wa Malindi kumwambia Waitaliano wakoje ni kumfundisha samaki kuogelea. Na aliyoyasema yule mzee ni ya kweli! Mitandao ya kubuku kweli inawakata kamisheni. Bologna kweli ni mji wa maonyesho, na Ferrara ni nusu saa na ushee tu kwa treni. Akanitumia picha zake akiwa Watamu. Akataja magofu ya Gede. Akataja hori la Mida. Akataja mpaka "Sardegna Due", fungu letu la mchanga baharini, jina ambalo huwezi kulijua kama hujawahi kuchukuliwa na mabichiboi wetu kwenye mashua. Nani asingemwamini? Nikatuma.

Tulitua Bologna jioni, tukapanda kile kitreni cha juu hadi stesheni kuu, halafu treni ya Ferrara. Ukungu wa bonde la mto Po muusikie tu kwa watu. Mamangu alidhani kuna kitu kinaungua. Ile ngome ya Estense, yenye handaki la maji pande zote, imekaa katikati ya mji na minara yake minne, lakini hatukuiona mpaka tulipokuwa tumeshaifikia. Vichochoro vya kati vimetandazwa mawe ya mtoni ya mviringo, na hapo ndipo gurudumu moja la begi lilipokatikia. Mji wenyewe ni tambarare, kila mtu na baiskeli yake, wanakuzukia kwenye ukungu kengele imeshakufika sikioni. Ningekuwa na raha zangu ningeupenda.

Hotelini mlango umefungwa. Kengele haijibiwi. Napiga simu, mzee anasema "nakuja, nakuja", na tukakaa nje kwenye baridi ile mpaka mama akatoa leso mbili begini akajitanda juu ya koti.

Hapa niacheni nieleze pole pole, maana ndipo aliponimaliza. Alifungua mlango, akamshika mama mikono yote miwili. "Mama! Karibu! Pole na safari!" Lafudhi ni ile yao, lakini maneno yetu. Mapokezi ni meza ya mbao na taa ya manjano, na ukutani nyuma ya meza katundika leso. Leso yetu kabisa, nyekundu kwa nyeupe, pindo nne na mji wake, imetundikwa kichwa chini, na jina lake MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Mama alicheka, mara ya kwanza tangu tushuke kwenye ndege. Akamwonyesha kwa mkono kuwa iko kinyume. Mzee akapanda juu ya kiti papo hapo akaigeuza, anataka kuanguka, mama kamshikilia kiti, sote watatu tunacheka. Moyo wangu ukatulia tuli. Akatuletea chai ya limau. Ndipo akasema, pasipoti. Nikampa zote mbili. Akazifungua, akazipiga picha kwa simu, akazitia kwenye droo, akafunga, ufunguo mfukoni mwa sweta.

Mama akaninong'oneza, "Mwanangu, hizo pasipoti anazifungia nini?"

Nikamwambia, "Ndiyo sheria yao, mama, lazima polisi wapelekewe majina." Na ndivyo, Italia kila mwenye hoteli hutakiwa kupeleka majina ya wageni polisi ndani ya saa 24. Kama mngekuwa mmesimama pale nanyi mngesema hivyo hivyo.

Halafu akajishika kichwa. Eti chumba cha chini bomba lilipasuka mchana ule ule, maji yamejaa, lakini tusiwe na wasiwasi, ana nyumba nyingine nyuma, nzuri kuliko hii. Tukamfuata. Kona ya kwanza, kona ya pili, mlango usio na kibao, ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Mama alipanda zile ngazi akishika ukuta, akipumzika kila kituo, na mzee yuko mbele kabeba begi letu, anaimba. Anaimba!

Chumba: vitanda viwili vya chuma, dirisha linalotazama ukuta wa jirani, bafuni kuvu nyeusi mpaka darini. Nikaweka kiganja kwenye hita, baridi. "Kesho itawaka." Na kabla hatujavua viatu akatoa mfukoni tangazo la pizza, akaligeuza, akaanza kuandika nyuma yake kwa penseli. Nusu iliyobaki. Hita, euro 10 kwa usiku (hita hiyo hiyo!). Shuka na taulo. Kodi ya mji, euro 12 kwa kila mtu kwa kila usiku. Amana, euro 150, tutarudishiwa siku ya kuondoka. Akapiga mstari chini, akazungushia jumla duara. Nikatoa kadi. Akatikisa kichwa kwa huzuni, mashine ya kadi imeharibika, pesa taslimu tu. Nikasema haya, nitalipa asubuhi nikipita benki. Akatabasamu vizuri kabisa, tabasamu lile lile la kwenye leso, akasema hakuna shida, na pasipoti basi tuzichukue asubuhi tukishalipa.

Saa 5 usiku. Mama kaketi kitandani na koti lake na buibui lake na leso zake. Pasipoti zetu ziko kwenye droo ya mtu. Simu ya Mwanaisha haipokewi, wako kwenye hina, ngoma juu. Nikahesabu noti. Zile zilikuwa hela za kumtunza bi harusi, jamani, zimechangwa na wanawake wa mtaa mzima na daftari liko kwa mama. Mzee akazihesabu mara mbili, akilamba kidole. Nikaomba risiti. "Kesho." Kesho yake, kesho. Mpaka tunaondoka risiti ni kesho.

Pasipoti alizirudisha, sikatai. Hita haikuwaka, tulilala na makoti. Siku ya kuondoka tukaenda kudai amana, mapokezi yupo msichana wa usafi peke yake, hajui amana wala hamjui aliyepokea, maskini anatuonyesha mikono mitupu. Mzee simu haishiki. WhatsApp tiki moja, ameshaniblock. Euro 150, zaidi ya elfu ishirini za Kenya, zimekwenda hivyo, mbali na za hita na kodi yake ya kubuni. Nikawaandikia wale wa mtandao wa kubuku. Wakanijibu kwa adabu zote kwamba buking niliifuta mwenyewe, na kwao hakuna malipo yoyote yaliyoandikwa. Sasa mmeona kwa nini alitaka ifutwe? Alikuwa ananitoa mikononi mwa mtu wa tatu nibaki naye yeye peke yake.

Mimi huyu nataka afungwe. Mume wa Mwanaisha, ambaye ni wa huko, aliposikia aliona haya kuliko mimi, akaketi na mimi kunifafanulia. Tangu 1 Januari 2025 kila hoteli na kila nyumba ya kulaza wageni Italia lazima iwe na namba yake ya taifa, wao wanaiita CIN, huanza na IT, inabandikwa nje mlangoni na kuandikwa kwenye kila tangazo. Nikatoa picha zangu: mlango wa hoteli unayo, mlango wa ile nyumba ya nyuma hauna kitu. Kuendesha nyumba bila namba hiyo faini yake ni kuanzia euro 800 hadi 8,000. Wampige 8,000! Kutopeleka majina ya wageni polisi ni kosa la jinai, kifungo hadi miezi 3 au faini hadi euro 206. Euro 206! Yeye kwetu tu kachukua zaidi ya hizo. Na kukataa kadi ni euro 30 na asilimia 4 ya malipo, faini ya kumchekesha mtu. Kwa mtu anayempandisha mama wa watu ngazi za ghorofa tatu kwa uongo, ningekuwa mimi hakimu angefunga hoteli leo, apelekwe akae kwenye chumba kile kile Januari nzima, na hita alipie.

Mtaniuliza dalili. Zipo. Jina la akaunti niliyoipelekea pesa lilikuwa la mtu, si la hoteli, na namba yake ilianza na LT, wakati akaunti za Italia huanza na IT. Maoni ya wageni yalikuwa mazuri ila machache ya Kijerumani ya nyota moja, ukiyatafsiri yanataja "nyumba ya nyuma". Mwenye hoteli anayo haki ya kuiona pasipoti na kuandika yaliyomo, kukaa nayo hana. Kodi ya mji ipo kweli, lakini ni euro chache kwa usiku, halmashauri ndiyo inayopanga kiwango, na ukilipa unapewa risiti. Mashine ya kadi ikiharibika usiku ule ule unaofika, jua. Mengine nimesahau, nikikumbuka nitaongeza.

Ukiwa tayari umo mikononi mwake na anakunyima risiti, piga 117, ndiyo namba ya Guardia di Finanza, polisi wao wa mambo ya kodi na fedha. Huyo mume wa Mwanaisha anasema kuitaja tu mbele ya meza kunatosha kuifufua mashine ya kadi.

Yeye atapeleka malalamiko kwa polisi wao wa Carabinieri kwa niaba yetu, ujumbe wote wa WhatsApp ninao, na lile tangazo la pizza lenye hesabu zake ninalo. Kama kuna mwingine humu alilala kwa huyu mzee, aniandikie, tukiwa wengi hawatatupuuza. Dada unayesafiri mwezi ujao, hiyo buking yako usiifute hata akikuimbia taarabu.

Na ninyi wa Watamu na Malindi, mabichiboi, wenye tuktuk, wenye mashua: mwenyewe aliniambia kila Desemba yuko huko na mwaka huu anakuja. Picha yake naiweka kwa atakayeiomba. Mkimwona nipigieni, mimi na mama tutakuja na daftari la wanawake wa mtaa atie sahihi kila jina analodaiwa.