Mzigo si wangu: yaliyonikuta kwa watu wa vifurushi hapa Lamu

Kampuni siitaji. Mji ni mdogo, na karani wao nakutana naye karibu kila asubuhi kwenye Usita wa Mui, tunapishana bega kwa bega. Aliyewahi kutumiwa kitu kutoka Mombasa atawajua. Basi linashusha Mokowe, mzigo unavuka kwa boti, kisha unaingia ujumbe kwenye simu: mpendwa mteja, mzigo wako umefika.

Wangu uliingia mwezi ule wa kaskazi kali. Ila sikuwa nasubiri mzigo wowote.

Niliwahi kukaa na mwenzangu, nesi, vyumba viwili vya juu huku Langoni, mwaka na kitu hivi. Alipohamishiwa Hola aliondoka na godoro lake, mtungi wake wa gesi na feni yangu (hilo la feni tutaongea siku yake), akaniachia namba yangu ya simu ikiwa imezagaa kwenye kila fomu aliyowahi kujaza. Barua zake hazijanisumbua hata siku moja. Alikuwa anatumia sanduku langu la posta, kwa hiyo ikija yake naandika juu ya bahasha "Mwenyewe amehama, irudishwe kwa aliyetuma", naipeleka dirishani, nimemaliza. Moja tu ya benki nimemuwekea, ile ngumu ngumu kama ina kadi ndani, na hiyo ni kwa kuwa aliniomba mwenyewe. Iko kabatini chini ya mswala, haijafunguliwa. Faragha ya mawasiliano ya mtu imo kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 31, na mimi ndiye ninayewasomesha watoto kifungu hicho. Nitafungua vipi?

Basi nikaenda ofisini kwao baada ya kutoka shule, jua la saa tisa. Nikasalimia. Nikaeleza taratibu: jina hili si langu, mwenyewe yuko Hola, mpigieni aliyetuma awape namba yake mpya, ama mrudishieni. Karani macho yako kwenye simu yake, anatazama mpira. Hakuyainua. Akasema:

"Mwenye namba ndiye mwenye mzigo."

Nikadhani ananitania. Nikarudia. Akarudia. Halafu akaongeza kwamba mzigo una siku tatu pale, kwa hiyo kuna shilingi 150 za kuweka. Shilingi 150 za kitu kisicho changu, nilichokuja kuwaambia si changu! Nikaondoka bila kuaga, na mimi si mtu wa kuondoka bila kuaga.

Kesho yake alasiri nasikia huko chini "Simile! Simile!" Nachungulia, kijana wa punda na boksi limefungwa kamba ya katani. Nilimsomesha huyu darasa la sita. "Mwalimu, nimeambiwa nikuachie." Nikamwambia sipokei. Akasema basi weka sahihi kwenye daftari. Nikachukua kalamu, na kwenye nafasi ya sahihi nikaandika kwa herufi kubwa, SIPOKEI, nikapiga na mstari chini. Yeye akatazama, akaona pameandikwa, akashusha boksi barazani, huyo kaenda zake.

Nilimpigia mwenzangu nisijue mara ngapi. Hapatikani. Asubuhi boksi limelowa pembe moja, karatasi imekuwa ya kuona ndani kwa samli, na sisimizi wameshapanga mstari kutoka ufa wa ukuta, wanapanda kamba mmoja mmoja wakiingia kwenye kitundu kisichotosha hata ncha ya kalamu. Jirani yangu, mtu mzima, akapita akasimama. "Hiyo ni halua, mwanangu. Iliki yanukia mpaka kwangu." Mimi nikaitia boksi kwenye beseni, beseni nikaliweka ndani ya karai la maji, kama mtu anayelinda sukari ya mwenziwe.

Nikairudisha ofisini mwenyewe, kichwani. Karani, safari hii akiwa ameinua uso, akalifungua daftari akaweka kidole.

"Si hii sahihi yako?"

Kidole kiko juu ya neno langu. Nikamwambia soma. Akasoma, herufi kwa herufi, kisha akauliza, naapa sikumtania wala hakunitania: "Sipokei ndiye nani?"

Nyota moja. Ningeweza kutoa sifuri ningetoa.

Haya, nisidhulumu. Vitabu vyangu vya shule wamevileta kutoka Mombasa zaidi ya mara moja, hakuna ukurasa uliokunjika. Na kwenye mji ambao nyumba hazina namba, unaelekezwa kwa msikiti na kwa mlango wa fulani, kijana wao anakufikia mpaka ngazini. Hilo si jambo dogo. Nikiwa nimetulia nitasema nyota tatu. Lakini sijatulia, na kidole kile kila nikikikumbuka zinarudi kuwa moja.

Mwenzangu alipiga siku ya tano. Hakuuliza hali. "Ile halua yangu umeila?" Nikamweleza yote, na karai, na sisimizi. Akanyamaza, akasema hiyo ni ya arusi ya mdogo wake, niifanyie hima ifike Hola. Basi nikarudi kwa yule yule karani, na halua ya mtu kichwani, kuituma kwa pesa yangu. Alinitoza nauli ya mzigo, akanitoza na zile 150 za mwanzo. Nikalipa. Ndiyo, nililipa, msinicheke. Arusi haingoji mtu akashinde kesi. Nyota moja na nusu, hiyo nusu ni ya kijana wa punda, aliyeifunga upya kwa nailoni bila kuambiwa.

Risiti ninayo mbele yangu hapa. Jina la mtumaji limeandikwa vizuri kabisa, kwa mwandiko wa kuvutia: Bi Sipokei.

Na wiki iliyopita, vitabu vyangu vilipofika, ujumbe ukaanza na jina hilo hilo. Nimekwenda, nikaitika, nikavichukua.