Draivu ya kW 4 kwa kiwanda cha unga: uliza hewa inapita wapi

Malalamiko ya wenye viwanda vidogo vya unga na vyakula vya mifugo yanafanana. Asubuhi draivu (VFD, kifaa cha kudhibiti kasi ya mota) ya kW 4 inazungusha mota ya kichanganyio bila shida, saa nane mchana inatripu, yaani inajizima, kwa joto. Muuzaji anashauri waongeze ukubwa, wanunue ya kW 5.5. Hiyo nayo itatripu ikishajaa unga.

Ushauri huo una mashiko mwinuko ukiwa mkubwa tu: juu ya mita 1,000, ampea za draivu hupungua kama asilimia 1 kwa kila mita 100. Nakuru, mita 1,850 hivi, umeshapoteza asilimia 8 na ushee.

Kwingine tatizo ni feni. Inavuta unga pamoja na hewa, unga unanyonya unyevu na kuganda kwenye mapezi ya alumini, joto linakosa pa kutokea. Hewa hiyo ikipitia pia juu ya bodi za elektroniki, unga unatuama kati ya miguu ya kapasita, umeme unaruka, draivu inaungua. Volti na ampea fundi atazisoma kwenye kibati cha mota. Muuzaji mbane kwa swali hili: hewa ya feni inapita wapi?

Chaguo langu la kwanza, na upendeleo siufichi, ni Danfoss VLT Micro Drive FC 51. Hewa ya feni inapita kwenye mapezi tu, haigusi elektroniki, na bodi zimepakwa kinga tangu kiwandani. Kero yake: kibodi huuzwa peke yake, na wauzaji wengi wananyamaza ili profoma (ankara ya makadirio) ionekane nafuu. Fundi anafika saiti hana pa kuingizia data za mota! Dai LCP 12, ile yenye kitufe cha kuzungusha spidi, iandikwe kwenye profoma.

Inafuata Siemens SINAMICS V20: kibodi iko usoni, bodi zimepakwa, feni inabadilishika. Ikionyesha F4, draivu yenyewe imepata joto. Safisha kabla ya kugusa parameta. Schneider Altivar 320 ninaiweka mbele pale tu watu wanapoingiza mikono kwenye mashine, kwa sababu ya STO (Safe Torque Off) yake, kinga inayoinyima mota nguvu ya kuzunguka. STO haikati umeme, kwa hiyo swichi kuu ibaki.

Kwa kawaida draivu hizi huja IP20, yaani hazizuii vumbi, basi zifungwe ndani ya boksi la IP54, linalokinga vumbi. Kama asilimia 3 ya nguvu hugeuka joto, yaani wati 120 hivi kwa kW 4, kwa hiyo boksi liwe na feni yake na filta, na draivu iachiwe sentimita 10 juu na chini. Filta isafishwe kila wiki. Ukisafisha draivu, zima umeme, subiri dakika 15, pima kwanza volti ya DC iliyobaki ndani, kisha tumia mashine ya kuvuta vumbi. Upepo wa kompresa huzungusha feni kupita kasi yake na kusukumia unga na maji ndani zaidi.

Draivu za bei poa zisizo na jina zinafaa pampu iliyo kwenye chumba kisafi. Kwenye unga, hapana. Na profoma iliyoandikwa “VFD 4 kW original” bila namba ya modeli, irudishe.