Siti ya Ngozi kwa Baiskeli: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Ukiambiwa dukani kwamba siti ni ya ngozi, igeuze uangalie chini. Siti ya ngozi tunayoizungumzia hapa haina sponji wala plastiki tumboni. Ni kipande kimoja kinene cha ngozi, aghalabu milimita 4 hadi 5 na ushei, kilichowambwa kwenye fremu ya chuma mbele na nyuma, na chini yake ni uwazi mtupu. Ukiikalia inabonyea kama kitanda cha kamba. Zile za sponji zilizovishwa reksini ni biashara nyingine. Zinapendeza ukizibonyeza kwa kidole, lakini ukishakaa saa nzima sponji inadidimia chini ya mifupa na kuinuka katikati, pale hasa ambapo hukutaka kuguswa.

Kama safari yako ni ya kwenda sokoni na kurudi, hifadhi pesa yako. Siti hizi ni za mtu anayekaa juu ya baiskeli muda mrefu.

Kabla ya jina la kampuni, jua mambo mawili: upana wa mifupa yako ya kukalia, na usukani wako uko juu kiasi gani. Weka kipande cha katoni juu ya benchi gumu, kaa, vuta benchi kwa mikono ili ujikandamize, kisha inuka. Utaona vishimo viwili. Pima kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine, uongeze angalau sentimita 2; huo ndio upana wa siti wa kutafuta. Anayekaa wima aongeze zaidi. Usipunje hapo, maana ukingo wa nyuma wa siti ya ngozi una chuma na ribiti. Mfupa ukitua juu ya chuma, hakuna mafuta wala subira itakayokuokoa.

Kwa watu wengi, namba moja ni Brooks B17. Kampuni hiyo ya Kiingereza ilianzishwa Birmingham mwaka 1866, na B17 imekuwa ikiuzwa tangu miaka ya 1890. Ina upana wa sentimita 17.5 na uzito wa zaidi kidogo ya nusu kilo. Inamfaa anayeinama kiasi, usukani ukiwa usawa wa siti au juu yake kidogo. Kuna toleo lililotobolewa katikati ili kupunguza mgandamizo kwenye nyama laini, na kuna toleo fupi la wanawake. Mwenye historia ya kufa ganzi achukue lililotobolewa moja kwa moja, asisubiri kuthibitisha. Bei hupita dola 100, ndiyo, lakini ikitunzwa inaweza kudumu miaka mingi kuliko baiskeli uliyoinunulia.

Ukiwa unakaa wima, usukani juu, mgongo umenyooka, B17 si yako hata ikisifiwa vipi. Hapo uzito wote unashuka kwenye makalio, na unahitaji siti pana yenye springi. Brooks B67 ina upana wa sentimita 21 na springi mbili nyuma. Kwenye barabara ya vumbi yenye makorongo, au ukibeba mzigo kwenye keria, ndiyo ningeiweka ya kwanza. Anayeinama lakini anapita njia mbovu atazame Brooks Flyer, ambayo ni B17 iliyotiwa springi. Springi zinaongeza uzito, na hilo linawasumbua wanamashindano tu.

Ya tatu ni Selle Anatomica ya Marekani. Ina ufa mrefu katikati, hivyo kila upande unacheza peke yake, na kwa wengi inakalika tangu siku ya kwanza. Ubaya wake ni kwamba ngozi hulegea mapema, na itabidi uikaze mara kwa mara.

Gilles Berthoud ya Ufaransa ndiyo nzuri kuliko zote kwa ufundi, ila bei yake inaniwekea kikomo. Ngozi imefungwa kwa skrubu badala ya ribiti, kwa hiyo ikichoka unabadilisha ngozi peke yake na fremu inaendelea. Mwenye nacho anunue.

Na kama baiskeli yako inalala nje masika nzima? Usinunue ngozi. Brooks hiyohiyo ina Cambium, ya mpira na kitambaa, isiyojali mvua. Ni ngumu kidogo na haitaumbika kufuata mwili wako, lakini haiozi.

Ngozi mpya ni ngumu, na huchukua kilomita mamia kadhaa kulainika. Wapo watakaokushauri uiloweke kwenye mafuta ya nazi au ya injini. Wapuuze. Mafuta mengi huilegeza ngozi hadi inaning'inia, na ikifika hapo hairudi. Paka kiasi kidogo cha mafuta mazito ya siti, yenye nta, juu na chini, kisha uendeshe. Mvua ikija, vuta mfuko wa plastiki juu yake. Ikilowa, iache ikauke kivulini, mbali na moto, na usiikalie ikiwa chepechepe. Nati ya kukazia ngozi, iliyo puani mwa siti, yaani ncha yake ya mbele, ni ya kuguswa kwa nadra, robo mzunguko kwa wakati mmoja.

Kuhusu mitumba: baiskeli kuukuu za Raleigh na zile zinazoletwa kutoka Ulaya wakati mwingine huja na siti nzuri ya ngozi ambayo muuzaji haijui thamani. Ikague kwa mkono. Nyufa ndogo juu si tatizo. Nyufa zinazozunguka ribiti ni kifo, kwa kuwa hapo ndipo ngozi huchanika. Bonyeza katikati: ikigusa vyuma vya chini, iache. Tazama pia vyuma vya kufungia. Siti za zamani kama Brooks B66 zina vyuma viwili kila upande, na kibano cha nguzo ya siti ya kisasa hakivishiki, kwa hiyo dai kibano chake cha asili kiingie kwenye bei hiyohiyo.